Ukifungua Biblia ukaona maneno matupu: mimi nilianzia kwenye malalamiko

Mkuu, umeandika kwamba kazi iliisha tangu Machi, shemeji amerudi kwao na watoto, na kila ukifungua Biblia unaona maneno matupu. Unauliza sisi tuliopita kwenye shida tulianza kusoma wapi. Mimi si mchungaji, na chuo cha Biblia sijakanyaga hata getini. Nakueleza yaliyonikuta tu.

Mwaka 2018 mdogo wangu figo zote mbili ziligoma. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, na kila mara ni kama saa nne kwenye mashine. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Mwanza likaenda, pikipiki ikafuata, kisha kiwanja. Watu wa kanisani walikuja, wakaomba, wakachanga, hilo siwezi kulisahau. Ila kila aliyeingia alikuja na Yeremia 29:11 mdomoni, mawazo ya amani wala si ya mabaya, halafu anakunywa chai anaondoka. Siku moja nilimjibu mzee mmoja vibaya mpaka mama akanitoa nje.

Biblia nilianza kuisoma kwa sababu ya simu kuzima. Nimekaa kwenye benchi pale hospitali, saa nne ziko mbele yangu, na kwenye mkoba wa mama kuna Biblia ya marehemu bibi. Ni ile Union Version, gamba jeusi limeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa zinanuka mafuta ya taa. Usidhani ilijifungua yenyewe mahali pa ajabu. Nilikuwa napekua alama zake za penseli tu, kama mtu anayeangalia picha za zamani. Kwenye Zaburi ya 13 nikakuta ameandika pembeni: "1974, njaa."

Wakubwa humu wanaukumbuka ule ukame na foleni za unga wa njano. Bibi alikuwa na watoto sita. Na mstari alioupigia penseli si wa shukrani, ni huu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?"

Nilishtuka. Bibi yangu mimi, aliyekuwa hakosi jumuiya, alimuuliza Mungu swali ambalo mimi nililimeza miezi minane nikiogopa kukufuru. Na hakulitunga yeye, limo mle ndani, limechapwa!

Kuanzia siku hiyo nikawa natafuta walalamikaji. Wako wengi kuliko tunavyohubiriwa. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, neno la mwisho kabisa ni hilo, hakuna haleluya ya kufungia. Ayubu rafiki zake walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipofanya la maana. Walipoanza kufungua midomo wakaharibu, na sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, anamsifia Ayubu aliyelalamika.

Hata ile Yeremia 29 niliirudia, safari hii nikaisoma yote. Kumbe ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, juu tu ya ule wa 11 wanaouchapa kwenye kalenda, unasema miaka 70. Maana yake mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atazikwa hukohuko ugenini. Anaambiwa ajenge nyumba, apande bustani, aoze watoto. Nikaacha kuuchukia ule mstari.

Sasa imani iliingilia wapi? Sina siku ya kukutajia. Nilichokuja kugundua ni kwamba miezi yote ile nilikuwa naongea na mtu. Nagomba, nalaumu, narudi kesho yake. Huwezi kumgombeza asiyekuwepo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mdogo wangu alifariki Februari 2019. Nasema hivi usije ukadhani nakuuzia muujiza. Wiki zake za mwisho yeye alipenda nimsomee Elia, 1 Wafalme 19. Nabii amechoka, amelala chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anaomba kufa. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwambia "Inuka, ule," na kuna mkate na maji. Anakula, analala tena, anaamshwa tena ale. Dogo alikuwa anacheka hapo, anasema huyo malaika angekuja na uji wa ulezi.

Kwa hiyo na wewe, kama hujala tangu asubuhi, Biblia isubiri. Kula kwanza. Na usianze Mwanzo kwa nia ya kumaliza Ufunuo, kwenye Mambo ya Walawi utakwama kisha ujione mwenye dhambi. Chukua sura moja fupi, kaa nayo wiki nzima. Soma kwa sauti, maana kimya kimya akili inarudi kwenye kodi ya nyumba.

Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu. Mwishoni mwandishi anasema atamwimbia BWANA. Mimi huo mstari wa mwisho niliuruka karibu mwaka mzima, kilichobaki kikanitosha.