Kwa Rehema, kuhusu ile mashine iliyokukosesha

Mwanangu Rehema,

Huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako wa juzi umenichekesha, ingawa najua wewe ulikuwa umenuna. Simu ilikutaka useme kwa Kijerumani "leo naenda shule". Ukaandika Ich gehe heute in die Schule, ikakupiga mkasi kwa kuwa yenyewe ilitaka Heute, yaani "leo", litangulie. Nimemuuliza yule mzee wa nyumba ya pili aliyesoma Leipzig, Ujerumani. Anasema zote mbili ni sahihi. Nawe ukaniuliza: "Hivi mama, nani alianzisha mashine za kufundisha lugha, na mbona zina kichwa kigumu hivi?"

Ni za zamani, mwanangu, karibu tulingane umri. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mhandisi Donald Bitzer na wenzake waliitumia kompyuta kubwa ya chuo, ILLIAC, kumfundisha mwanafunzi mmoja kwa wakati. Mfumo wao wakauita PLATO. Haraka walikuwa nayo. Warusi walikuwa wamerusha setilaiti yao Sputnik mwaka 1957, Marekani ikaogopa kuachwa nyuma, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Ndiyo maana kozi za mwanzo zimejaa Kirusi: pale Illinois Constance Curtin aliandaa kozi ya kusoma na kutafsiri Kirusi, na kule Chuo Kikuu cha Stanford Joseph Van Campen akaandaa yake.

Mwaka 1972 PLATO ilikuwa na skrini bapa yenye maandishi ya rangi ya chungwa, na mwanafunzi aliweza kujibu kwa kuigusa kwa kidole. 1972! Sisi miaka miwili baadaye serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, televisheni pia. Kompyuta ya kwanza niliyoiona mimi nilikuwa tayari mwalimu, na ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi yako. Hakuna aliyethubutu kuifunua.

Sasa hicho kichwa kigumu. Kutoa swali ni kazi nyepesi, hata ubao unatoa. Shughuli ni kupima jibu. Kwenye PLATO mwalimu alikaa akaiorodheshea mashine maneno yanayotakiwa, yanayoweza kupuuzwa, na yale yanayofanana maana. Mwanafunzi akishaandika, alama zilitokea chini ya sentensi yake: neno hili umekosea herufi, hili limekaa si mahali pake, hapa pamepungua neno. Kwa miaka ile hayo ni mambo makubwa, na kusema kweli yalimsaidia mtu kuliko huo mkasi wa simu yako. Lakini jibu ambalo mwalimu hakulifikiria, mashine nayo haikulijua. Sentensi yako ingekwama hata Illinois, kama mwalimu hakukumbuka kuandaa mpangilio wa pili.

Aliyenipendeza mimi ni mwalimu wa lugha, Mwingereza John Higgins, miaka ya 1980 kompyuta ndogo zilipoingia madarasani. Alisema kompyuta isijifanye bwana mkubwa wa darasa. Iwe kama yule mtumwa wa kale wa Wagiriki aliyemsindikiza mtoto shuleni, anayejibu akiulizwa na kunyamaza asipoulizwa. Akabuni programu iitwayo Storyboard: habari nzima inafichwa, zinabaki alama tu mahali pa herufi. Unabahatisha neno. Kama limo, linajitokeza kila mahali lilipo.

Niliposoma habari zake sikuwa na kompyuta, nilikuwa na chaki. Nikachora vistari ubao mzima, aya ya Kiingereza ya mistari sita, darasa la watoto hamsini na kitu. Mmoja akasema "the", nikajaza mahali saba. Wakapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Baada ya hapo walianza kubishana wenyewe: hapa lazima kuna kitenzi, hapana, hapa ni "was", tazama herufi tatu! Mimi nilibaki kujaza tu, na kukohoa vumbi.

Ukija Desemba njoo na aya ya Kijerumani. Ubao ule mdogo bado uko stoo, chaki utanunua wewe.

Mama yako