Bi Mkaguzi Anajibu: Mume Wangu na Mtu wa Visahani

SWALI: Shikamoo Bi Mkaguzi. Naishi Morogoro, nina watoto wawili. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mwenye akili zake timamu. Tangu mwaka jana amekolea video za Mmarekani anayeitwa Bob Lazar, zilizowekewa sauti ya Kiswahili. Huyo bwana anadai aliajiriwa kwenye kambi ya siri na kuona visahani vya viumbe wa sayari nyingine. Nikisema ni muongo, mume wangu ana majibu mawili: alitaja elementi 115 kabla wanasayansi hawajaipata, na watoa siri wote huanza kwa kuitwa waongo. Juzi binti yetu wa kidato cha pili kabishana na mwalimu wa kemia kwa ajili ya hayo hayo. Mimi si mtu wa sayansi. Nampimaje mtu kama huyu?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Mimi nimekula mshahara wa ukaguzi wa hesabu Tanga na baadaye Dodoma, na sehemu ya kazi ile ilikuwa kusoma barua za watu wanaosema "nimeona kwa macho yangu". Nyingi hazikuwa na jina. Nakumbuka moja ya mtunza stoo: kurasa mbili nzima za kumtukana bosi wake, mke wa bosi, hadi kabila la bosi. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo, ameorodhesha namba za hati tatu za kupokelea dizeli. Matusi nikayaacha, namba nikazifuata. Dizeli haikuwahi kuingia kwenye tangi.

Kwa hiyo tusianze na tabia ya Lazar. Wanaompinga hupenda kukumbusha kwamba mwaka 1990, huko Nevada, alikiri mahakamani kosa linalohusu ukuwadi. Mimi simhukumu kwa hilo. Katika ofisi zetu mtoa habari mzuri mara nyingi alikuwa mwizi aliyenyimwa mgao wake. Swali langu ni jingine: tukimtoa huyu mtu mezani, na sauti yake, na macho yake ya huruma kwenye kamera, kinabaki nini ambacho asiyemwamini anaweza kukikagua?

Lazar alijitokeza kwenye televisheni ya Las Vegas Mei 1989, uso umefichwa na jina la bandia. Novemba mwaka huo huo akaonyesha uso na jina lake. Alisema aliajiriwa mahali panapoitwa S-4, jirani na kambi ya Area 51, kuchunguza mitambo ya visahani tisa, na kwamba ana shahada za MIT na Caltech.

Vyuo hivyo viwili havina kumbukumbu yake. Mume wako atasema serikali ilizifuta. Haya, tukubali kwamba serikali inaweza kufuta jina kwenye kompyuta. Je, inamfutaje mtu uliyelala naye chumba kimoja bwenini? Aliyekuazima daftari? Mhadhiri aliyekurudishia kazi yako imejaa wino mwekundu? Miaka zaidi ya 30 imepita na video hazihesabiki, lakini hajajitokeza mtu akasema nilikaa na Bob darasani MIT. Aliyefuatilia jambo hili kwa bidii alikuwa Stanton Friedman, mwanafizikia wa nyuklia ambaye yeye mwenyewe aliamini kwa dhati kuwa visahani vipo na vinatoka mbali. Angefurahi mno kumkuta Lazar ni mkweli. Alichokuta ni chuo cha kati cha Los Angeles, akahitimisha kwamba hadithi ya shahada ni ya kubuni.

Sasa kuna karatasi moja, na hapa nitakaa kidogo maana karatasi ndizo zilizonilea. Lazar ametoa hati ya mshahara na kodi ya mwaka 1989, ya dola 958 na senti 11. Mwajiri aliyeandikwa ni Idara ya Ujasusi wa Jeshi la Majini. Jeshi la Majini la Marekani lina Ofisi ya Ujasusi wa Jeshi la Majini, tangu mwaka 1882. Idara ndiyo siijui. Mtu wa kawaida ataona hilo ni jambo dogo. Mkaguzi akiona jina la mwajiri limekosewa kwenye hati ya mwajiri mwenyewe, anaweka kikombe cha chai pembeni. Na hata kama hati ni halali, inathibitisha nini? Kwamba mtu alilipwa dola 958. Kisahani hakimo humo.

Tuwe waadilifu lakini. Lazar alikuwepo kweli Los Alamos, ile maabara maarufu ya nyuklia. Jina lake limo kwenye kitabu cha simu cha maabara cha mwaka 1982, pembeni kukiwa na herufi za kampuni ya nje iliyoleta wafanyakazi wa mkataba. Area 51 nayo ipo. Shirika la CIA lilitoa nyaraka mwaka 2013 zinazoeleza wazi jinsi ndege za kijasusi za U-2 zilivyojaribiwa pale tangu 1955. Hapo ndipo watu wengi hunaswa. Wanakagua vocha tatu za mwanzo, wanakuta ziko sawa, wanatia sahihi kitabu kizima.

Twende kwenye 115. Mwambie Baba Neema afungue jedwali la elementi kwenye kitabu cha binti yake. Zile namba ni idadi ya protoni tu: moja, mbili, tatu, zinapanda. Kufikia 1982 Wajerumani wa Darmstadt walikuwa wameshaunda ya 109. Mtu anayetaja ghorofa ya 15 wakati mafundi wanajenga ya 9 hajatabiri kitu. Utabiri ungekuwa kueleza mle ndani mna nini, na hilo Lazar alilieleza: alisema 115 ni imara, ni metali unayoweza kuikata na kuihifadhi, ndiyo mafuta ya kisahani. Mwaka 2003 wanasayansi wa Urusi na Marekani wakaiunda kule Dubna, atomi chache tu, nazo zikatoweka kabla sekunde moja haijaisha. Mwaka 2016 ikapewa jina moskovio. Wapenzi wake wanasema huenda kuna aina nyingine ya 115 inayodumu. Ikipatikana, niandikie tena. Ila kwa sasa, tukio wanalolitaja kama ushahidi wake ndilo linalompinga.

Na hilo la watoa siri wote kuitwa waongo? Hapa mumeo amenigusa, maana huku kwetu tumewahi kuwa na mtoa siri wa kweli. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona mamilioni yakilipwa kwa kampuni ya Goldenberg International kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, asilimia 35 ya thamani, katika nchi isiyochimba almasi. Akatoa nakala za nyaraka, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakalipuka bungeni. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa. Unajua kwa kosa gani? Kutoa siri za serikali. Ukimshtaki mtu kwa kutoa siri umeshakubali kwamba karatasi ni zako. Kesi ilifutwa lakini kazi alipoteza, akahamia Mombasa, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Hakuna aliyeuliza Munyakei alisoma wapi. Haikuhitajika kumwamini hata kidogo. Ulihitaji hati zake, na swali moja kwa watu wa madini: almasi hii imetoka shimo gani?

Lazar hajashtakiwa kwa kutoa siri. Yeye husema ni kwa sababu serikali haitaki kuthibitisha maneno yake. Inawezekana, kwa hiyo hilo siliweki upande wowote. Kinachobaki mezani ukimtoa yeye ni kitabu cha simu na hati yenye jina la mwajiri lililokosewa.

Kuhusu binti, usimgombeze. Mrudishe kwa yule mwalimu wa kemia na swali hili: kwa nini 115 haidumu, wakati bismuthi iliyo juu yake kwenye safu ile ile inadumu? Mwalimu atasahau ule ubishi. Akishaelewa, amweleze baba yake, maana wewe na mimi hatasikia.