Ukiwa na siku tatu tu China, nenda Quanzhou

Mkuu, umesema ukimaliza kufunga mzigo Guangzhou utabaki na siku tatu, na unataka kuona mji mmoja wa kale. Wadau wengine hapa jukwaani wamekutajia Xi'an na Beijing, na sipingi. Ila mimi ningekupeleka Quanzhou, mkoani Fujian. Ukipanda treni ya mwendokasi asubuhi, alasiri upo mjini.

Enzi za nasaba za Song na Yuan (karne ya 10 hadi 14) hii ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Waarabu waliiita Zaitun. Ibn Battuta, yule yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishukia hapa miaka ya 1340 akasimulia kwamba aliona merikebu kubwa kama mia, na ndogo zisizohesabika.

Anza na Msikiti wa Qingjing, wa mwaka 1009. Ukumbi wa kuswalia hauna paa; zimebaki kuta na nguzo za mawe, juu mbingu tupu. Ukutani kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, herufi zile zile nilizofundishwa madrasa utotoni. Niliyasoma taratibu, neno kwa neno, na machozi yalinilenga.

Kisha Hekalu la Kaiyuan. Wengi hupiga picha minara yake miwili ya mawe ya karne ya 13 wakaondoka. Usifanye hivyo! Ndani ya uwanja huo huo kuna mabaki ya merikebu ya enzi za Song, iliyofukuliwa kwenye tope la bandari ya Houzhu mwaka 1974. Tumbo lake limegawanywa vyumba 13, ili kimoja kikitoboka maji yasienee kote. Ndani yake zilikutwa mbao za manukato, pilipili manga, ubani na makombe ya kauri. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kauri ni nini.

Daraja la Luoyang, lililojengwa 1053 hadi 1059, liendee maji yakiwa yamekupwa. Mafundi walifuga chaza kwenye misingi ili magamba yao yagandishe mawe. Ni akili ya watu wanaoijua bahari.

Ukibakiwa na nusu siku, panda hadi kwenye makaburi ya Waislamu ya Lingshan. Kuna jiwe la mwaka 1417 linaloeleza kwamba Zheng He, amiri wa majeshi ya bahari ya China, alifukiza ubani pale kabla ya safari ya Hormuz. Msafara huo ndio uliofika hadi pwani yetu.