Barua kwa mwanangu: kwa nini Danieli hakufunga dirisha

Marahaba baba. Sisi wazima, baba yako kifua kimepungua, mvua nazo zimeanza kidogo kidogo. Meseji yako niliisoma juzi usiku mara mbili nikasema hii siijibu kwa voisi, hii nakaa chini naandika, kwa hiyo vumilia ni ndefu.

Umeuliza kwa nini Danieli hakufunga tu lile dirisha. Amri ya mfalme Dario, kwamba atakayeomba kwa mungu au mtu yeyote isipokuwa yeye atupwe kwenye tundu la simba, ilikuwa ya siku 30, mwezi mmoja, ingepita yenyewe, na Mungu anasikia hata ukiomba kimoyomoyo, tena Yesu mwenyewe alisema ingia chumbani ufunge mlango. Ukaongeza "mama usinielewe vibaya". Sijakuelewa vibaya hata kidogo, ni swali zuri, na huku kwenye jumuiya tukifika sura ya 6 ya kitabu cha Danieli wote tunakimbilia simba, dirisha hakuna anayelisimamia.

Kwanza toa kichwani ile picha ya sande skuli, kijana ana misuli amesimama katikati ya simba. Danieli wa sura ya 6 ni mzee. Piga hesabu, alichukuliwa Yerusalemu mwaka wa tatu wa mfalme Yehoyakimu, ni kama 605 K.K., akiwa kijana wa kupelekwa shule, maana walimsomesha miaka 3 lugha na maandishi ya Wakaldayo, wenyeji wa Babeli. Babeli ikaja kuangukia mikononi mwa Wamedi na Waajemi mwaka 539. Hapo ni miaka 66 mwanangu. Hata ukisema aliondoka kwao ana 15, siku wanamshusha kwenye tundu alikuwa ameshapita 80, umri wa babu yako yule anayeshikwa mkono kushuka ngazi za kanisa.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa 10, usome polepole. Alijua amri imeshatiwa sahihi, akaingia nyumbani, madirisha ya chumba chake yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali akashukuru, "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hayo maneno ya mwisho ndo jibu lako. Siku ile hakufanya kitu kipya. Hakwenda kufungua dirisha ili wamwone, dirisha lilikuwa wazi miaka na miaka, na wale maadui waliijua ratiba yake vizuri sana ndo maana wakaenda kutunga sheria inayopita katikati ya ratiba hiyo. Kumbuka walianza kwa kumchunguza kazini, kwenye mambo ya ufalme, wakakosa rushwa, wakakosa uzembe, mtu aliyekuwa mmoja wa wakuu watatu juu ya maliwali 120, wakasema huyu hatumpati popote isipokuwa kwenye sheria ya Mungu wake.

Kwa hiyo kitu kipya siku ile kingekuwa kulifunga. Na dirisha lililofungwa lingesema mwanangu, mtaa mzima ungelisoma. Yesu pale kwenye Mathayo 6 alikuwa anawasema watu wanaosimama kwenye pembe za njia ili waonekane wanaomba. Danieli angefunga ili aonekane haombi. Mimi naona hayo ni mambo ya ukoo mmoja, yote mawili mtu anaomba huku jicho lake moja liko kwa watu, na mzee wa watu wala hakuwa barabarani, alikuwa chumbani kwake juu.

Halafu kuna hili ambalo mimi linaniliza kila nikilifikia. Lile dirisha lilikuwa linatazama nini? Hekalu liliteketezwa na jeshi la Nebukadreza mfalme wa Babeli mwaka 586, kuta zikabomolewa. Danieli aliondoka likiwa bado limesimama, kwa hiyo yeye kichwani alikuwa na lile jengo alilolijua utotoni, lakini kule alikoelekeza uso palikuwa na mawe yaliyoungua. Ukisoma sura ya 9, malaika Gabrieli anamjia akiwa anaomba, na Danieli anaandika kwamba ilikuwa karibu na wakati wa dhabihu ya jioni. Dhabihu ipi? Madhabahu haikuwepo, kwa hesabu yangu ilikuwa imepita miaka kama 47 hakuna kondoo aliyechinjwa pale jioni, lakini saa ya Danieli ilikuwa bado inakwenda kwa saa ya hekalu. Yuko Babeli, ofisi ya kigeni, wafalme wanabadilika, na jua likishuka yeye anajua sasa hivi nyumbani ingekuwa saa ya dhabihu.

Na hakujitungia huo mtindo. Sulemani alipoliweka hekalu wakfu, 1 Wafalme 8, aliomba kwamba watu wako wakichukuliwa mateka mpaka nchi ya adui, wakaomba kwa kuielekea nchi yao na mji huu na nyumba hii, basi usikie huko mbinguni. Danieli amelishika hilo neno kama mtu aliyeshika risiti. Hiyo hiyo sura ya 9 inasema alikuwa anasoma kitabu cha Yeremia, ameona pale miaka 70 ya Yerusalemu kukaa ukiwa, akahesabu, akaona inakaribia, akavaa gunia akafunga. Yaani imani yake ilikuwa na kitabu mkononi na hesabu, haikuwa moto wa mkutano wa injili unaozimika Jumatatu.

Usije ukafikiri alikuwa mkaidi wa kila kitu lakini. Walimbadilisha jina wakamwita Belteshaza, hatusomi kwamba aligoma. Alisoma shule yao, akafanya kazi ya serikali yao kwa uaminifu, kama Yeremia alivyowaandikia wale waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji waliopelekwa. Hata kwenye chakula cha mfalme aliomba kwa adabu, yule mkuu wa matowashi akaogopa kichwa chake, Danieli akamgeukia msimamizi akasema tujaribu siku 10 tu, tupe mtama na maji, afu utuangalie. Sehemu anazokataa ni chache mno na amezichagua tangu kijana, "aliazimu moyoni mwake". Nakwambia hivi kwa sababu sitaki uamke kesho uanze kugombana na watu wa ofisini.

Kitu kingine angalia wanavyomshitaki kwa mfalme. Hawasemi mkuu wako, hawasemi mzee wetu. Wanasema yule Danieli, wa wale waliohamishwa kutoka Yuda. Miaka 60 na zaidi, cheo kile, na bado ni yule wa kuja. Wewe hilo hunihitaji nikufafanulie. Hata kitabu chake kiko hivyo, ile habari ya simba imeandikwa kwa Kiaramu, lugha iliyotembea ofisi zote za huko, lakini sala yake ya sura ya 9 iko kwa Kiebrania. Mchana kutwa lugha ya watu, akipiga magoti lugha ya mama yake.

Sasa baba nahisi hukuuliza habari za Danieli peke yake. Mwishoni uliandika, kama kwa kupitia, kwamba siku hizi mkikaa kula na wenzako hufumbi macho tena, unaomba ndani kwa ndani. Sikugombezi. Nikusimulie langu ambalo hata baba yako nilikuja kumwambia tumeshaoana. Nilipokwenda chuo hosteli tulikuwa wanne chumba kimoja, wasichana wazuri tu, hakuna aliyenikataza chochote. Wiki ya kwanza nilipiga magoti pembeni ya kitanda kama nilivyofundishwa nyumbani. Mmoja akacheka, labda wala hakunicheka mimi. Nikahamia kuomba ndani ya shuka, baadaye nikawa naomba moyoni nikiwa nimelala, ukiomba moyoni umelala unasinzia, na ilipofika mitihani sikumbuki mara ya mwisho niliomba lini. Hakuna siku niliyoamua kuacha, ndo maana sikujua nimeacha. Niliporudi likizo nikamkuta bibi yako saa ile ile, mkeka ule ule, nikakaa karibu yake nikashindwa kupata neno la kuanzia.

Mfalme Dario usiku ule hakula, usingizi ukamkimbia, alfajiri akaenda mbio kwenye tundu akaita kwa sauti ya huzuni, je, Mungu wako unayemtumikia daima ameweza kukuponya? Daima. Ni mara ya pili anatamka hivyo, jana yake alivyokuwa anamuaga alisema vile vile. Mpagani ndiye aliyeliona hilo neno, kwa kumtazama tu mfanyakazi wake kila siku.

Sitakudanganya kwamba simba hufungwa midomo kila mara. Wenzake watatu, walipokataa kuisujudia sanamu ya mfalme, walisema mbele ya tanuru la moto kwamba Mungu aweza kutuokoa, na hata asipotuokoa hatusujudu. Na Danieli mwenyewe, yule aliyeiombea Yerusalemu dirishani miaka yote ile, mfalme Koreshi wa Uajemi alipotoa ruhusa Wayahudi warudi kwao wakarudi watu 42,360 kama Ezra alivyoandika, lakini hatusomi mahali popote kwamba yeye alirudi. Mwaka wa tatu wa Koreshi bado yuko kule, kando ya mto Hidekeli, ndio Tigri, anafunga na kuomba wiki tatu. Kama mama nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Ile picha uliyonitumia ya simba wa matofali ya bluu waliotolewa Babeli wakapelekwa huko Berlin bado iko kwenye simu yangu. Huenda Danieli alipita mbele ya simba kama hao akienda kazini.

Nilimwomba baba yako aangalie ramani, akasema kutoka hapo ulipo huku kwetu ni kusini, kukunjia mashariki kidogo. Sisi saa tatu usiku tunakutaja kwa jina, kama ulivyotuacha. Chumba chako hujawahi kuniambia dirisha linatazama upande gani. Niambie Jumapili ukipiga.

Mama yako.