Anza santre ya afya ya mtaa, dada
Dada, umeuliza kama mtoto mwenye homa apelekwe moja kwa moja hospitali kubwa. Hapa Bukavu anza santre ya afya, yaani kituo kidogo cha afya, ya mtaa wako. Mkuu wake kwa kawaida ni muuguzi, si daktari, na watu wanamdharau bure! Pale wanamtoboa mtoto kidole, tone moja la damu, malaria inajulikana baada ya dakika chache. Hali ikimzidi, muuguzi anaandika karatasi ya rufaa kwenda hospitali kuu ya zoni yenu ya afya, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira. Usiondoke bila hiyo karatasi. Ila akishikwa na degedege, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, kimbilia kituo kilicho karibu zaidi na usipange foleni, ita muuguzi papo hapo.