Maabara imeandika 2,350 ppb. Je, kwenye tani 20 nina gramu ngapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchimbaji mdogo huku Makongolosi, Chunya. Nina rundo la mawe kama tani 20, bado sijapeleka karasha (mashine ya kusaga mawe). Nilipeleka sampuli maabara, karatasi ikarudi imeandikwa dhahabu 2,350 ppb. Jirani yangu wa duara (shimo la kuchimbia) la pili, yake imeandikwa 3.1 ppm, na watu hapa wanasema nimempita mbali sana. Naomba unifundishe kugeuza hivi vipimo mwenyewe.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujakubaliana bei na mtu yeyote, ujue kwamba jirani yako ndiye aliyekuzidi. 3.1 ppm ni sawa na 3,100 ppb. Wewe una 2,350.

Hizo herufi zinatisha bure. Ppm ni sehemu moja kwa milioni, na tani moja ina gramu milioni moja, kwa hiyo ppm 1 ni gramu 1 ya dhahabu ndani ya tani. Ppb ni sehemu moja kwa bilioni, na tani ina miligramu bilioni moja, kwa hiyo ppb 1 ni miligramu 1 ndani ya tani. Mawe yako basi yana miligramu 2,350 kwa tani, yaani gramu 2.35. Zidisha kwa 20, unapata gramu 47.

Ukitaka kugeuza kipimo chochote cha uzito bila kupotea, rudi kwanza kwenye gramu, kisha ndipo uende unakotaka. Kutoka tani kwenda kilo, kilo kwenda gramu, gramu kwenda miligramu, miligramu kwenda mikrogramu, kila hatua ni elfu moja, yaani sifuri tatu. Tani hadi mikrogramu ni hatua nne, sifuri 12: tani moja ina mikrogramu trilioni moja. Ukishuka unazidisha, ukipanda unagawanya. Andika sifuri zote kwenye karatasi uzihesabu tatu tatu. Simu nyingi zikifika huko huanza kuonyesha alama ya E badala ya sifuri zote, na mtu akaisoma vibaya.

Angalia pia herufi kubwa na ndogo. Miligramu ni mg. Ukikuta Mg, hiyo ni megagramu, ambayo ni tani yenyewe. Kati ya m ndogo na M kubwa hapo kuna mara bilioni moja.

Sasa nikupeleke mezani kwetu maabara, maana hapa ndipo penye uzito. Hatukuyeyusha rundo lako. Tulisaga sampuli ikawa laini kama unga wa sembe, tukapima gramu 50, tukachanganya na oksidi ya risasi na kuingiza kwenye tanuri. Risasi ikiyeyuka inakusanya dhahabu, kisha tunaiondoa risasi kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, na dhahabu inabaki. Kwa mawe ya 2.35 ppm, dhahabu iliyomo kwenye gramu 50 ni mikrogramu 117.5. Ungeifanya kitufe, upana wake ungekuwa kama robo ya milimita. Ni nukta ya kalamu. Ndiyo maana kabla ya kuyeyusha tunatia madini ya fedha kidogo, chembe ipate mwili wa kushikika, halafu fedha hiyo tunaiyeyusha kwa asidi.

Gramu 50 hizo zimesemea tani 20. Gawanya: kila gramu moja ya unga imebeba neno la kilo 400 za mawe. Ikiwa punje moja tu ya dhahabu, ya robo milimita ile ile, iliangukia kwenye sampuli kwa bahati, jibu litapanda kutoka 2.35 hadi 4.70, na wewe utahesabu gramu 94 wakati zilizopo ni 47. Nimewaona vijana waliokopa mafuta na kukodi karasha kwa jibu la sampuli moja. Hesabu ya kugeuza ilikuwa sahihi mpaka sifuri ya mwisho, ila jiwe lililopelekwa maabara lilikuwa lile linalong'aa.

Mambo mengine mawili yatapunguza hizo 47. Maabara hupima mawe makavu. Kama rundo limenyeshewa na asilimia 8 ya uzito wake ni maji, mawe halisi ni tani 18.4, na dhahabu ni gramu 43.24. Pili, hiyo ni dhahabu iliyomo, siyo utakayoishika. Kwa mwalo (mfereji wa kuoshea unga wa mawe kwa maji) na zebaki mara nyingi hupati hata nusu. Nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, kwa hiyo usiyauze kwa bei ya mchanga.

Mnunuzi akikutajia bei ya dunia kwa wakia, wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035. Ile ya gramu 28.35 ni ya bidhaa za kawaida.

Kwa rundo lako nakushauri upime tena. Chukua mawe sehemu 20 au zaidi, juu, katikati na chini, mazuri na mabaya, bila kuchagua kwa macho. Yaponde yawe madogo kama kokoto, changanya vizuri juu ya turubai, tandaza duara, ligawe mafungu manne. Chukua mafungu mawili yanayotazamana, ponda zaidi, changanya, gawa tena, mpaka ubaki na kilo mbili tatu. Tengeneza sampuli tatu za namna hiyo, kila moja ukiianza upya kwenye rundo, na uzipeleke zote tatu. Majibu yakikaribiana, zidisha wastani wake kwa tani zako kavu. Yakipishana sana, usikodi karasha kwanza.