Nilichojifunza Nilipofeli PLAB Mara ya Kwanza

PLAB ni mtihani wa Baraza la Madaktari la Uingereza, GMC, kwa sisi tuliosomea udaktari nje ya nchi ile. Kabla hujaugusa, maliza suala la lugha kwa mmoja wa mitihani hii ya Kiingereza: IELTS wastani wa 7.5 bila kushuka chini ya 7 popote, au OET kwa daraja B kila sehemu. Mapema kabisa, tafadhali.

Sehemu ya kwanza ni maswali 180 kwa muda wa saa 3, yaani dakika moja kwa swali. Zoea kufanya maswali ukiwa umetega saa, na usiache hata moja wazi, kwa sababu kukosea hakukupunguzii alama. La muhimu zaidi, jibu kama daktari wa kule. Mimi nimekulia kwenye wodi ambazo homa ikitajwa tu, akili inakwenda kwenye malaria. Kwenye PLAB, kijana wa chuo mwenye homa, shingo ngumu na vipele visivyofifia ukivigandamiza kwa glasi anashukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo: apewe sindano ya antibiotiki ya benzilipenisilini pale pale kwenye kliniki ya daktari wa familia, huku ambulensi ikiitwa. Soma miongozo ya NICE, taasisi ya kule inayotoa miongozo ya matibabu, hadi ikukae kichwani.

Niliifaulu hiyo. Nilifeli sehemu ya pili.

Hii hufanyika Manchester: vituo 16, dakika 8 kila kimoja, na sekunde 90 za kusoma maelezo kabla ya kuingia. Ndani unamkuta mwigizaji aliyevaa ugonjwa, na mtahini amekaa pembeni kimya. Nilijiandaa kama mtu wa kukariri. Niliuliza maswali yote, nikataja vipimo vyote, nikatoka nikiamini nimefanya vizuri.

Kosa langu nililiona baadaye, rafiki yangu muuguzi alipoigiza mama anayesubiri majibu ya saratani ya titi. Nilimpa majibu, nikaunganisha na upasuaji, mionzi na rufaa. Aliponikatiza akasema: "Daktari, tangu uliposema saratani sijasikia kitu kingine." Iliniuma, kwa kuwa wagonjwa wangu wa kweli nao huenda hawakusikia.

Kwa Kiswahili ningeanza na "pole" na mgonjwa angejua niko naye. Kwa Kiingereza sikuona neno la kushika nafasi ile, nikawa nairuka. Sasa najua pole yenyewe inaweza kuwa kunyamaza: sema habari kwa maneno machache, kaa kimya, subiri aongee yeye, kisha muulize anachokihofia. Halafu kuna ndugu. Huku kwetu mara nyingi tunamwita mume au kaka pembeni kwanza. Kule mume akipiga simu kuuliza majibu, humpi lolote bila ruhusa ya mgonjwa, hata akilia.

Kwa hiyo tafuteni watu watatu: daktari, mgonjwa, mtahini. Zungukeni jioni vituo vitatu au vinne, kengele ikilia dakika ya 8 mnaacha hata kama sentensi haijaisha. Anayeigiza mgonjwa ndiye aanze kusema alivyojisikia, mtahini afuate. Usisubiri sana, maana ukishafaulu ya kwanza una miaka 2 ya kufaulu ya pili.

Mara ya pili nilipokwenda Manchester, kwenye kituo kimoja nilinyamaza hadi nikaogopa muda unakwisha. Mgonjwa akafuta macho, akaanza kuniuliza maswali mwenyewe.